Swichi Inayoshuka Kila Siku Isinyamazishwe, Itafutiwe Sababu



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo ya mama mmoja wa Gorong'a, katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara. Anaeleza kwamba tangu mvua zilipoanza, swichi kuu iliyo ukutani mwa sebule yao imekuwa ikishuka yenyewe na kuiacha nyumba gizani, siku nyingine hata mara tatu. Hushuka alfajiri wanapopasha maji ya kutawadhia kwa hita ya kutumbukiza ndooni, kwa kuwa asubuhi za huko ni za baridi. Hushuka pia usiku wa mvua, hata pale ambapo hakuna chombo chochote kilichochomekwa. Fundi waliyemwita alitazama kwa dakika chache, kisha akashauri swichi hiyo iondolewe na nyaya ziunganishwe moja kwa moja, kwa hoja kwamba inawasumbua bure. Baba wa nyumba amekwisha kuridhia, lakini mama roho yake inasita. Anatuuliza iwapo ushauri huo ni salama.

Jawabu letu kwake, na kwa kila nyumba yenye tatizo kama hilo, ni kwamba ushauri huo si salama hata kidogo, na kusita kwake ni kwa haki. Swichi inayoshuka kila siku mara nyingi si mbovu. Imeona jambo ambalo macho yetu hayalioni, nayo inalizuia. Ukiiondoa, giza litakoma lakini jambo lenyewe litabaki ndani ya nyumba, likimsubiri mtu. Basi wajibu wa mwenye nyumba ni kuitafuta sababu, na leo tutaeleza namna ya kuitafuta kwa utaratibu, bila kufungua kifuniko chochote na bila kugusa waya.

Walinzi wawili wenye kazi tofauti

Kwanza yafaa tujue kilichomo katika kile kisanduku cha ukutani. Katika nyumba iliyosukwa nyaya vizuri mna walinzi wa aina mbili, na watu wengi huwachanganya.

Mlinzi wa kwanza ni zile breka ndogo zilizopangwa kwa safu, zilizoandikwa namba kama 10, 20 au 32. Namba hizo ni ampia, yaani kiasi cha umeme ambacho breka inauruhusu kupita kwa muda wote. Breka ya 10 kwa kawaida huwekwa katika njia ya taa, ya 20 katika njia ya soketi, na ya 32 katika njia ya jiko. Kazi yake ni kuulinda waya usipate moto ukaunguza nyumba.

Mlinzi wa pili ni swichi kubwa zaidi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Huyu ndiye anayemlinda mtu. Umeme wa nyumbani kwetu, ambao ni volti 230, huingia kwa waya wa moto na hurudi kwa waya wa niutro. Kiasi kinachoingia lazima kilingane na kinachorudi. Swichi hii hufanya hesabu hiyo muda wote, usiku na mchana. Ikiona kwamba kilichorudi ni pungufu, inafahamu kuwa umeme umepata njia nyingine ya kutokea: pengine ukuta ulioloa, pengine bati la friji, pengine mwili wa mtoto. Tofauti hiyo ikifikia kiasi cha miliampia 30, swichi hukata umeme wote kwa muda mfupi kuliko nusu sekunde.

Hapa pana hesabu ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Miliampia 1,000 ndizo ampia 1. Breka ya ampia 10 kwa hiyo inaruhusu miliampia 10,000 kupita bila kushtuka, hali ya kuwa makumi machache tu ya miliampia yakipita kifuani yanaweza kuuvuruga moyo na kuusimamisha. Mtu anaweza kufa akiwa ameshika waya, na breka ndogo ikabaki imesimama kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna waya uliozidiwa. Anayeiondoa ile swichi yenye kitufe cha T na kuacha breka ndogo peke yake ameilinda nyumba yake na kuwaacha watu wake bila ulinzi.

Ilikotoka swichi hii

Wapo wanaodhani kifaa hiki ni anasa ya nyumba za mijini. Historia yake inaeleza kinyume. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alishughulikia hatari ya umeme katika migodi ya dhahabu ya nchi hiyo. Mwaka 1955 alitengeneza mfumo uliokata umeme uvujapo kwa miliampia 250, nao ukatumika migodini. Mwaka uliofuata akatengeneza mwingine mwepesi zaidi wa kuhisi, uliofaa kumwokoa mtu aliyegusa waya moja kwa moja.

Katika kijiji cha wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu cha Stilfontein, wanawake kadhaa walipoteza maisha kwa kupigwa na umeme. Katika miaka ya 1957 na 1958 mamia kadhaa ya swichi hizo, zilizopangwa kukata kwa miliampia 20, zikafungwa katika nyumba za kawaida za kijiji hicho. Ndivyo ulinzi huu ulivyoingia majumbani mwa watu wa kawaida: ulianzia katika kijiji cha wachimba dhahabu, kwa sababu ya akina mama hao waliopoteza maisha. Wasomaji wetu wa Tarime, ambao wilaya yao ina machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, wataona kwamba habari hii haiko mbali nao.

Kushuka kwa aina tatu

Kabla ya kutafuta kosa lilipo, tazama ni kipi kilichoshuka na kimeshuka vipi. Dalili hizo peke yake zinapunguza nusu ya kazi.

Aina ya kwanza ni kuzidiwa. Breka ndogo hushuka baada ya dakika kadhaa za matumizi makubwa, na ukiigusa kwa nje huwa ya moto. Mfano wake ni jioni ya Ramadhani, saa moja kabla ya futari. Birika la wati 2,000 linachemsha maji ya chai, jiko la sahani moja la wati 1,500 lina uji, hita ya wati 2,000 imo ndooni, na kijana anapiga pasi ya wati 1,200 kanzu ya kwendea tarawehe. Jumla ni wati 6,700. Gawa kwa volti 230 utapata ampia 29, juu ya breka ya ampia 20. Breka haitashuka papo hapo, bali itavumilia kwa muda, ipate moto, kisha ikate. Hapa hapana chombo kibovu wala waya mbovu. Dawa yake ni kupokezana: maji yachemke kwanza, pasi ingoje.

Tahadhari moja katika hilo: ikiwa vyombo vyote hivyo vimechomekwa katika waya mmoja wa kuongezea soketi, ujue kwamba nyingi ya nyaya hizo hazistahimili zaidi ya ampia 13. Waya huo utaungua chini ya zulia kabla breka ya 20 haijafikiria kushuka.

Aina ya pili ni shoti, yaani waya wa moto kugusana na niutro. Breka hushuka mara moja, mara nyingi kwa mlio, na huenda ukasikia harufu ya kuungua au ukaona soketi imekuwa nyeusi. Ukiipandisha inashuka tena papo hapo. Usiipandishe zaidi ya mara moja. Kila jaribio ni mlipuko mdogo ndani ya ukuta.

Aina ya tatu ni kuvuja. Hapa inayoshuka ni swichi yenye kitufe cha T, na breka ndogo zote hubaki zimesimama. Hushuka mvua inaponyesha, chombo chenye maji kinapowashwa, au mtu anapogusa kitu cha chuma. Hii ndiyo hali iliyoelezwa katika barua ya Gorong'a, nayo ndiyo inayohitaji utafutaji wa makini kuliko nyingine.

Namna ya kutafuta

Fanya kazi hii mchana, mikono ikiwa mikavu, ukiwa umevaa viatu au ndala, na watoto wakiwa nje. Chukua daftari na kalamu. Ikiwa kisanduku kimeingia maji, kina harufu ya kuungua au kinatoa cheche, usikiguse, mwite fundi.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kwa siku mbili au tatu andika saa swichi iliposhuka, hali ya hewa, na chombo kilichokuwa kinatumika. Familia nyingi huona umeme wao unajikata ovyo tu. Daftari likijaa, mara nyingi utaratibu hujitokeza: kila inaponyesha, kila friji inapoanza kunguruma, au kila taa ya nje inapowashwa.

Hatua ya pili, zima vyombo vyote na uvichomoe kabisa kwenye soketi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwani chombo kilichochomekwa bado kimeungana na nyaya za nyumba. Kisha shusha breka zote ndogo.

Hatua ya tatu, pandisha swichi kuu peke yake. Ikisimama, pandisha breka ndogo moja moja, ukingoja dakika moja au mbili kabla ya kupandisha inayofuata. Breka ambayo ikipandishwa tu swichi kuu inashuka, ndiyo inayoongoza kwenye njia yenye kosa. Ishushe, iache chini, uwashe nyingine zote. Tayari nyumba ina mwanga, na umejua kosa liko upande gani.

Hatua ya nne, ikiwa breka zote zimesimama vyombo vikiwa vimechomolewa, kosa limo katika chombo. Chomeka kimoja, kiwashe, kiache kifanye kazi dakika chache, kisha nenda kwenye kingine. Vyombo vinavyopasha maji ndivyo vya kushukiwa kwanza: hita ya ndoo, birika, na pasi ya mvuke. Ndani ya koili ya hita mna unga mkavu unaoutenga waya wenye joto na ganda la nje. Ganda likipata ufa mwembamba kama unywele, unga hunyonya maji na umeme huanza kuvuja. Hita ya namna hiyo hupasha maji kama kawaida, kwa hiyo mwenye nyumba huiona nzima. Baada ya hita, mshuku friji ya zamani, mashine ya kufulia na pampu ya maji.

Hatua ya tano, ikiwa hakuna chombo kimoja kinachoishusha swichi peke yake lakini vikiwa pamoja inashuka, basi huenda kila kimoja kinavuja kidogo. Swichi ya miliampia 30 inaruhusiwa kushuka wakati wowote uvujaji unapozidi miliampia 15. Vyombo vitatu vinavyovuja miliampia 7 kila kimoja vinaweza kuishusha, ingawa hakuna hata kimoja kinachoishusha peke yake.

Hatua ya sita ni ya pale swichi kuu inapogoma kusimama hata breka zote ndogo zikiwa chini. Wengi hapa huhukumu kwamba swichi imekufa. Huenda ikawa kweli, lakini kuna sababu nyingine. Breka ndogo nyingi hukata waya wa moto peke yake na kuuacha niutro umeungana. Ikiwa niutro umechubuka mahali ukagusana na waya wa ethi au ukuta uliolowa, swichi inaweza kushuka ingawa breka ziko chini. Hiyo si kazi ya mwenye nyumba. Fundi mwenye ujuzi ana mita ya kupima uzima wa maganda ya nyaya, ambayo mafundi huiita mega. Huzima umeme wote, hupima kila njia kwa volti 500, na njia nzima haipaswi kuonyesha chini ya megaomu 1. Kwa kipimo hicho kosa lililofichika ndani ya ukuta hutambulika pasipo kubomoa chochote.

Dalili za barua ya Gorong'a

Tukiisoma barua ya mama yetu kwa utaratibu huo, tunaona kwamba huenda ana makosa mawili, wala si moja. Kushuka alfajiri hita inapotumbukizwa kunaielekeza shuku kwenye hita. Jaribio lake ni jepesi: kwa siku tatu maji yapashwe kwa kuni au mkaa, hita ibaki imechomolewa. Ikiwa alfajiri hizo swichi imesimama, hita itupwe, wala isiuzwe wala isitolewe sadaka kwa jirani, kwani itakuwa ni kumhamishia mwenzako mauti.

Kushuka usiku wa mvua bila chombo chochote ni jambo jingine. Hapo tunashuku maji yanayofika kwenye waya. Mahali pa kutazama, kwa macho tu na bila kugusa, ni taa ya nje ya barazani au ya zizini, kengele ya mlangoni, waya unaopita kwenye tundu la bati, na maungio yaliyofungwa tepu juu ya dari. Katika nyumba ambazo mahindi huhifadhiwa darini au katika chumba cha ndani, panya hawakosekani, nao hutafuna maganda ya nyaya. Waya uliotafunwa unaweza kukaa kimya kiangazi chote, ukasema mvua ya kwanza inapovuja juu yake. Jua likiwaka waya hukauka, fundi akija mchana haoni kitu. Ndiyo sababu daftari lina thamani: linamwonyesha fundi hali ambayo hakuwapo kuiona.

Yapo pia mazoea ya kuongeza nyaya baada ya nyumba kuunganishwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefikisha umeme katika vijiji vingi. Baadhi ya nyumba ndogo zilipewa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kina breka, taa na soketi pamoja, ili familia ipate umeme bila kusuka nyaya nyumba nzima. Kifaa hicho ni kizuri kwa kazi kiliyokusudiwa. Tatizo huja familia inapojenga vyumba zaidi, ikavuta waya mwembamba kutoka hapo hadi jikoni, kisha bandani, kisha kwa mpangaji, maungio yakiwa nje yamefungwa mfuko wa plastiki. Kila muungio wa namna hiyo ni mlango wa maji.

Na kuna kamba ya kuanikia nguo. Katika nyumba nyingi za mabati kamba hiyo ni waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye papi la paa na upande wa pili kwenye mti. Waya wa umeme uliochubuka ukigusa bati, paa zima lina umeme, na kamba pia. Mama anayeanika kanga mbichi, akiwa peku juu ya udongo uliolowa, amekamilisha njia ya umeme kwenda ardhini. Kamba ya kuanikia na iwe ya katani au ya plastiki, wala isifungwe kwenye paa.

Waya wa ethi na chuma chake

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni waya wa ethi, ule wa kijani au wa kijani na njano, unaotoka kwenye kisanduku hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini nje ya nyumba. Faida yake ni hii: ganda la friji likipata umeme, waya wa ethi huupeleka ardhini papo hapo, na swichi hushuka kabla mtu hajafika. Bila ethi, friji hukaa na umeme kwenye bati lake, kimya, mpaka mtu aiguse. Hapo swichi itashuka, lakini itakuwa imeshuka kwa sababu umeme umepita katika mwili wa mtu huyo.

Kwa hiyo, ikiwa swichi ya nyumbani kwako hushuka wakati uleule mtu anapogusa friji, bomba au mlango wa chuma, au kama watoto husema kwamba kitu fulani kinawatekenya, chukulia kwamba ethi haifanyi kazi. Usingoje kesho kumwita fundi. Huenda waya umekatwa, umeibwa kwa ajili ya shaba yake, au haukuwahi kuungwa tangu awali. Mahali penye mawe mengi chuma cha ethi huenda kilipigwa kifupi, na udongo unapokauka kiangazi hupitisha umeme kwa shida. Fundi apime, na ikibidi aongeze chuma cha pili.

Kitufe cha T kibonyezwe angalau mara moja kila baada ya miezi 3. Swichi ikishuka ni nzima. Isiposhuka ni mbovu na ibadilishwe. Lakini fahamu kuwa kitufe hicho kinaipima swichi yenyewe tu. Hakisemi lolote juu ya waya wa ethi.

Dalili nyingine ya kuvuja ni LUKU. Nyumba isiyo na swichi ya T inaweza kuvujisha hata ampia 1 muda wote bila breka kushtuka. Ampia 1 ni wati 230; kwa saa 24 ni uniti 5 na nusu, na kwa mwezi ni uniti 165. Zima na uchomoe kila kitu, acha swichi kuu juu, kisha tazama taa ndogo nyekundu ya mita. Ikiendelea kumeta, kuna umeme unaokwenda mahali usipopajua, na unaulipia.

Kumchagua fundi

Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini imewekwa shilingi 27,000 ili wengi waimudu. Kusuka nyaya ndani ya nyumba, hata hivyo, ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi hubana matumizi kwa kumchukua yeyote mwenye koleo na bisibisi. Mafundi wa kusuka nyaya wanapaswa kuwa na leseni ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kumwomba fundi akuonyeshe leseni si kumvunjia heshima. Fundi mwenye nayo huitoa kwa furaha. Muulize pia kama ana mita ya mega, na mpe daftari lako kabla hajafungua kitu.

Yapo mapendekezo matatu ambayo ukiyasikia yafaa umshukuru fundi huyo na kumsindikiza. La kwanza ni kuiondoa swichi yenye T. La pili ni kubadilisha breka ya 10 kuweka ya 32 ili isishuke tena, bila kubadilisha waya. Waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, hauwezi kubeba ampia 32. Utaungua ndani ya ukuta na breka ikiutazama. La tatu ni kuweka waya mnene mahali pa fyuzi. Yote matatu yanafanana: yanauondoa ushahidi na kuliacha kosa.

Na kwa wenye nyumba za kupangisha tunasema, mpangaji amelipa kodi na ameiweka familia yake chini ya paa lako. Kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua kanuni ya kwamba madhara yanapaswa kuondolewa. Swichi ya T na chuma cha ethi ni miongoni mwa haki za anayelala humo, hata kama hajui kuzidai.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kimbilia kisandukuni ushushe swichi kuu. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu, usitumie chuma wala kitu kilicholowa. Akiwa hapumui, anayejua kufufua pumzi na kukandamiza kifua aanze mara moja, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha afya. Hata akiinuka mwenyewe na kusema amepona, apelekwe apimwe moyo. Na kila siku, kabla ya mkono wowote kuingia ndooni, hita izimwe, ichomolewe, ndipo maji yaguswe. Watoto wafundishwe hilo kama wanavyofundishwa kunawa.

Mama yetu wa Gorong'a, basi, na amwambie baba watoto kwa upole kwamba swichi ibaki mahali pake. Hita iwekwe kando leo, waya wa ethi ukaguliwe kabla ya wiki hii kwisha, na taa ya nje izimwe kwa breka yake mpaka fundi mwenye leseni afike. Giza la usiku mmoja lina subira yake, na taa ya chemli bado inauzwa dukani.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia radi: kwa nini maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria hupigwa sana, na nini familia ifanye wingu linapokusanyika. Wabillahi tawfiq.